Anza na Filimbi ya Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuchagua pa Kutazama Soka kwenye Skrini ya Nje Ukiwa Safarini

Msafiri akifika mji mgeni siku ya mechi, huuliza kwanza skrini kubwa iko wapi. Skrini kubwa zipo, hazimshindi mtu kuzipata. Kinachoharibu usiku wa mgeni ni saa ya kurudi, giza la njiani, umeme kukatika dakika ya 80, au nguzo iliyomziba lango moja mechi nzima. Ndiyo maana ninashauri uanze kupanga kutoka mwisho: mechi itakwisha saa ngapi, na wewe utafikaje kitandani? Ukiwa na majibu hayo mawili, sehemu nyingi zitajiondoa zenyewe na utabaki na mbili tatu za kuzikagua.

Nimewaandikia wanaosafiri katika miji yetu: Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Nairobi na Kampala. Majira yenyewe yanataka maandalizi. Kombe la Dunia la 2026 limepangwa Marekani, Kanada na Mexico, kuanzia tarehe 11 Juni hadi 19 Julai, likiwa na timu 48 na mechi 104, na nyingi kati ya hizo kwetu zinaangukia usiku mkubwa. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 nayo imekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Mashabiki watavuka mipaka kufuata timu zao, na wengi wao hawatapata tiketi. Mechi zao watazionea uwanja wa wazi, baa ya bustani au baraza la mtaani.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya saa

Tafuta saa ya kuanza kwa mechi, kisha uigeuze wewe mwenyewe iwe saa ya mji uliopo. Usitegemee bango la mtaani peke yake. Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata saa moja. Ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu au Lubumbashi, saa inarudi nyuma moja, na Kinshasa inarudi nyuma mbili. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Aliyelala Bukoba na kuamkia Kigali anaweza kufika saa nzima kabla ya mechi, na hilo halina hasara. Hasara ni ya aliyetoka Kigali kuja Bukoba.

Mfano mzuri ni ratiba ya 2026. Mechi ya ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, inaanza saa 7:00 mchana jijini Mexico, ambayo kwetu ni saa 4:00 usiku. Fainali ya tarehe 19 Julai inaanza saa 9:00 alasiri kule New Jersey, na kwetu ni saa 4:00 usiku vilevile. Zipo pia mechi za saa 7 usiku na za saa 10 alfajiri. Hapo kwenye usiku wa manane ndipo watu wengi hukosea siku. Bango likiandika "Jumamosi saa 7 usiku", uliza: ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Huku kwetu tunahesabu usiku kwa namna zaidi ya moja, na mwandishi wa bango huenda hakufikiria mgeni.

Sasa ongeza urefu wa mechi. Ya makundi huchukua kama saa mbili ukijumlisha mapumziko na dakika za nyongeza. Ya mtoano, ikienda dakika 120 na penalti, inakaribia saa tatu, na katika Kombe la Dunia la 2026 kuna pia mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji katika kila kipindi. Mechi ya mtoano iliyoanza saa 4:00 usiku inaweza kukuachia saa 7:00. Panga kwa saa hiyo ya mwisho, hata kama unaamini timu yako itamaliza kazi mapema.

Hatua ya pili: tafuta njia ya kurudi kabla hujatafuta skrini

Hapa nitakaa kidogo, maana kila mji una mtego wake.

Dar es Salaam mtego ni maji na foleni. Ukilala Kigamboni na ukatazamia mpira Kinondoni au Mikocheni, unarudi kwa pantoni au kwa kuzunguka darajani, na usiku wa manane njia zote mbili zinataka hesabu. Daladala huanza kupungua kadiri usiku unavyoingia, na mabasi ya mwendokasi si ya kuyategemea saa 7 usiku. Inabaki bodaboda, bajaji, teksi au gari la kuita kwa simu, na bei ya saa hiyo hupanda watu wote wanapoita kwa pamoja. Kwa mechi ya saa 4:00 usiku, tazamia mtaa uleule uliolala. Kama umelala Sinza, tafuta Sinza. Ukilala Mbagala, Mbagala ina watu wa mpira kuliko mtaa wowote utakaoelekezwa na wenyeji wa hoteli za mjini. Siku ya mechi ya Taifa Stars Uwanja wa Benjamin Mkapa, ogopa pia barabara za Temeke, kwa kuwa uwanja wenyewe unachukua watu 60,000 na wote wanatoka kwa wakati mmoja.

Unguja, mgeni hudanganywa na udogo wa kisiwa. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kama kilomita 60, zaidi ya saa nzima kwa gari, na daladala za mashamba hazingoji penalti. Aliyepanga Nungwi au Paje atazamie hukohuko, kwenye baa za ufukweni, au alale mjini usiku huo. Usifikirie pia kutazama mechi ya usiku kisha urudi Dar kwa boti usiku huohuo, kwa kuwa boti za kasi ni za mchana.

Mombasa ni kivuko cha Likoni. Feri inafanya kazi usiku kucha na mwenda kwa miguu halipi, lakini baada ya mechi kubwa msongamano wa watu pale si mchezo. Ukilala Diani, upande wa kusini, kuna mambo mawili ya busara: utazamie Diani, au uchague sehemu ya kisiwani iliyo karibu na kivuko. Bustani ya Mama Ngina pale ufukweni, ambapo hufanyika mikusanyiko mingi ya wazi, haiko mbali na Likoni. Ukilala Nyali au Bamburi, baki upande huo wa kaskazini.

Nairobi ina baridi na ina umbali. Julai usiku joto linashuka hadi kama nyuzi 12, na mtu wa pwani aliyevaa jezi peke yake hafiki kipindi cha pili. Nauli ya matatu hupanda usiku na hupanda tena mvua ikinyesha. Kenya ina jambo jingine la kuangalia: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaitaka baa ya kawaida ifunge saa 5:00 usiku. Mechi ya saa 4:00 usiku itakuwa mapumziko bado. Muulize mwenye mahali wazi kabisa: "Boss, mechi ikipita saa tano mtaendelea, na leseni yenu inaruhusu?" Hoteli na sehemu zenye leseni tofauti huenda haziko kwenye shida hiyo, na mimi ningeanza na hizo kwa mechi za usiku.

Kampala usiku ni mji wa bodaboda. Mchukue dereva uliyempata kwa programu ya simu au uliyeunganishwa naye na wenyeji wako, ukubaliane naye mapema, na uvae kofia ngumu. Mvua pia inaweza kukushukia wakati wowote wa mwaka, tofauti na Dar ambako Juni na Julai ni kipupwe na anga huwa kavu.

Hatua ya tatu: jua aina ya mahali unapoingia

Kibanda umiza kila mtu anakijua: mabati, mabenchi, ubao wa ratiba ulioandikwa kwa chaki nje, na kiingilio kidogo mlangoni. Mpira wenyewe unaupata kwa raha zote na watazamaji wake wanaujua mchezo. Kwa mgeni, tatizo ni hewa na mlango mmoja. Vipo vilivyo wazi juu au vilivyozungushiwa turubai tu, na hivyo ndivyo ninavyovipendekeza kwa mechi kubwa. Kilichofungwa pande zote chenye mlango mmoja kiache kwa mechi ya kawaida yenye watu wachache.

Baa ya bustani ndiyo chaguo la wasafiri wengi, na kwa sababu nzuri: viti, choo, chakula, mlinzi getini. Ubaya wake ni kwamba mwenye baa anauza vinywaji na mpira ni kivutio tu. Nusu ya meza zinaweza kuwa za watu wa sherehe ya kuzaliwa, na muziki ukapigwa juu ya mtangazaji. Uliza mapema: "Dada, leo sauti ya mpira inawekwa, au ni picha tu?" Akisita kujibu, tafuta kwingine.

Kisha kuna uwanja wa wazi, ule wa skrini ya LED juu ya jukwaa la vyuma, unaoandaliwa na manispaa, kaunti au kampuni za vinywaji na simu. Dar mikusanyiko ya namna hii hupenda viwanja kama Mwembe Yanga, Leaders au Zakhem, Nairobi viwanja vya KICC na Uhuru Park, Kampala Lugogo na Kololo. Hizi si za kudumu. Zinakuja na mechi fulani na kuondoka, kwa hiyo hakikisha kwenye kurasa za waandaaji siku ileile. Kuona skrini hapo wiki iliyopita si ushahidi. Ni sehemu bora ya kutazamia timu ya taifa ya wenyeji, kwa kuwa ndipo utakapousikia mji mzima. Kwa mechi ya timu mbili za mbali, uwanja mkubwa huwa mtupu na baridi, na baa ndogo itakufaa zaidi.

Usisahau baraza. Mji Mkongwe, pale Soko Muhogo kwenye kona inayoitwa Jaws Corner, watu hukaa nje na kahawa chungu, dhumna na siasa, na mpira huonyeshwa palepale kwenye televisheni. Skrini si kubwa na hakuna kiingilio. Kinachotakiwa ni adabu: salimia, shikamoo kwa wazee, nunua kahawa, usikae kwenye nafasi ya mzee ambaye kila mtu anajua ni yake, na usishangae sauti ikipunguzwa wakati wa adhana. Mpira uliotazamwa hapo pamoja na uchambuzi wa wazee unashinda skrini nyingi za mita kumi. Kwa msafiri anayejua Kiswahili, ningesema ni mahali pa kwanza kufikiria akiwa Unguja.

Kuna jambo moja ninalisisitiza kwa mashabiki wa AFCON 2027: usiende kuzagaa nje ya uwanja wa mechi bila tiketi ukitumaini kupenya. Kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, yaliyochezwa Agosti 2025 katika nchi hizihizi tatu, watu walivamia milango ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji waliokuwa wanaruhusiwa pale. Aliyekosa tiketi ana raha zaidi mbele ya skrini, na hahatarishi maisha ya mtu.

Hatua ya nne: nenda mchana ukakague

Nenda siku hiyohiyo, saa sita au saa nane, kabla pilika hazijaanza. Dakika 15 zinatosha.

Tazama jua kwanza. Kwetu karibu na Ikweta jua halibadiliki sana: Dar mwezi Juni linazama kama saa 12 na robo jioni, Nairobi baadaye kidogo, Kampala linakaribia saa 1 kasoro. Mechi ya saa 11 jioni, kwa hiyo, kipindi chote cha kwanza kinachezwa kwenye mwanga. Projekta na kitambaa cheupe hapo havifai, utaona vivuli tu. Skrini ya LED inahimili mwanga, lakini nayo ikitazama magharibi, jua la jioni linaipiga usoni na rangi za jezi zinapotea. Ikitazama mashariki, jua linakupiga wewe machoni. Iliyogeukia kaskazini au kusini, au yenye jengo au miti mikubwa nyuma ya watazamaji, ndiyo ya jioni. Kwa mechi ya saa 4 usiku hesabu hii yote inaondoka, na projekta nzuri inaweza kutoa picha tulivu kuliko LED ya bei rahisi.

Pili, kimo. Ukingo wa chini wa skrini uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyesimama, yaani mita mbili au zaidi. Bao likiingia kila mtu atasimama, na skrini iliyowekwa chini itaonekana na safu mbili za mbele tu. Kaa kwenye kiti unachokusudia, mwombe mwenzako asimame mbele yako, uone kinachobaki.

Halafu uliza mawimbi yanatoka wapi. Hili ni swali ambalo wageni hawaliulizi, nalo ndilo linaloamua raha ya usiku. "Kaka, mnatumia dishi au bando?" Dishi na king'amuzi vya kulipia huchelewa sekunde chache tu. Mechi inayopita kwenye intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi, na kama baa ya jirani ina dishi, kila bao utalisikia kwao kwanza. Tena bando likizidiwa, picha inaganda pale mshambuliaji anapobaki na kipa. Dishi lina udhaifu wake, mvua kubwa huzuia mawimbi. Kwa hiyo miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, sehemu yenye antena ya kawaida kama akiba, na mechi ikiwa inaonyeshwa na stesheni ya taifa, ina thamani kubwa.

Umeme ni swali la mwisho la ukaguzi. Jenereta kuwepo hakutoshi. Uliza lina mafuta leo, nani analiwasha, na king'amuzi kinachukua muda gani kurudi. Kikizimika, huanza upya na kutafuta mawimbi, na dakika zinakwenda. Sehemu iliyojipanga ina betri ndogo ya kukishikilia king'amuzi umeme unapohama kwenda jenereta. Ukiikuta betri hiyo, weka nafasi papo hapo, kwa kuwa mwenye mahali anajali mpira.

Sauti utaijua jioni tu, ila waulize wanatumia utangazaji wa lugha gani. Utangazaji wa Kiswahili unapatikana kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa mashindano mengi makubwa, na mara nyingi mwenye rimoti hajui tu kwamba anaweza kubadili lugha. Mwombe kwa upole kabla ya mechi, si baada ya filimbi.

Hatua ya tano: usalama, bila kubahatisha

Tarehe 11 Julai 2010, watu wa Kampala walikuwa wamekaa mbele ya skrini za nje wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi. Mabomu yalilipuka kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Zaidi ya watu 70 walikufa, na kundi la al-Shabaab lilitangaza kuhusika. Walikuwa mashabiki kama sisi, waliotoka kutazama mpira. Ninalitaja kwa sababu mgeni anapopekuliwa getini na kuona anacheleweshwa, ajue upekuzi ule umetokana na nini, na amshukuru anayempekua.

Kanuni yangu ni kwamba mkusanyiko mkubwa usio na upekuzi siingii, hata kama ni bure na skrini ni nzuri kuliko zote mjini. Ukishaingia, tafuta njia mbili za kutokea kabla hujatafuta kiti. Kaa pembeni, karibu na njia ya pili, mbali na geti kuu ambako watu wote watakimbilia. Usijibane katikati ya uwanja mbele ya jukwaa. Ukiwa na wenzako, kubalianeni mahali pa kukutana nje ya uwanja, mahali panapojulikana kama kituo cha mafuta au lango la kanisa, kwa sababu mtandao wa simu huzidiwa watu wanapokuwa wengi. Namba ya dharura 112 inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Kenya na Uganda ipo pia 999.

Simu weka mfuko wa mbele, na pesa ya kurudia nyumbani iwe mbali na pesa ya kutumia. Bao linapoingia watu hukumbatiana na wasiowajua, na wezi wanalijua hilo.

Hatua ya sita: utakaa na nani

Mechi hiyohiyo ni tofauti kabisa kulingana na watu waliokuzunguka. Ukitaka kusikia Nairobi ikiishangilia Harambee Stars, kaa na Wakenya, na kama umevaa jezi ya Taifa Stars utataniwa usiku mzima. Utani huo upokee. Tarehe 10 Agosti 2025 Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 Kasarani kwenye CHAN, Mtanzania yeyote aliyekuwa Nairobi alishangilia pamoja nao, na siku 12 baadaye Kenya na Tanzania zilitolewa robo fainali siku moja. Yale ya ndugu yanavumilika. Ila mechi ikiwa ya wenyeji dhidi ya timu yako, soma hali ya watu kabla ya kuvua koti na kuonyesha rangi.

Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, au na watoto, kipimo changu ni kimoja na hakijaniangusha: tazama kama wanawake wengine wapo, na choo kikoje. Mahali penye choo safi chenye taa na mlango unaofungika, na meza kadhaa za familia, pamefikiriwa na mtu. Mahali ambapo choo ni ukuta wa nyuma, mwanamke hakufikiriwa kabisa, na hiyo ni aibu ya mwenye biashara. Muulize mama lishe wa jirani au dada wa mapokezi ya nyumba ya wageni: "Wewe mwenyewe ungeenda kutazamia wapi?" Jibu lake lina uzito kuliko la dereva anayelipwa kupeleka wageni mahali fulani.

Watoto usiwapeleke uwanja wa wazi wenye vileo kwa mechi ya usiku. Hoteli nyingi za ufukweni huweka skrini bustanini, watu wachache, nyasi za kukimbilia, na mzazi anaona mpira kwa amani. Nje ya mechi za wenyeji, sioni sababu ya kumlazimisha mtoto wa miaka sita kubanwa na watu wazima.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Kula kabla. Chakula cha baa wakati wa mechi kubwa kinafika kipindi cha pili, kimepoa. Unguja pita Forodhani kwanza, Nairobi maliza nyama choma yako mapema. Kwenye baraza na vibanda lipa kwa pesa taslimu ndogondogo. Baa na viwanja vikubwa wanapokea pesa za simu, lakini laini ya Tanzania inaweza isifanye malipo ya dukani Kampala, kwa hiyo nunua laini ya nchi husika au beba noti.

Muda wa kufika unategemea mahali. Kwenye baa ya bustani saa moja kabla inatosha, ukiwa umeshaweka meza. Kwenye uwanja wa wazi siku ya timu ya taifa, saa mbili kabla, kwa sababu geti hufungwa watu wakijaa na mlinzi hana wa kumsikiliza. Beba koti jepesi, betri ya kuchajia simu, na mkoba mdogo au usibebe kabisa. Unguja, ukitoka ufukweni, vaa nguo za heshima kabla ya kuingia mitaani. Wenyeji hawatakwambia kitu, lakini wataona.

Aliye ng'ambo, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Muscat mwezi Juni joto hubaki juu ya nyuzi 30 hata usiku, kwa hiyo viti vya nje vya mikahawa ni vya wenye uzoefu. Tafuta sehemu yenye feni za maji au kaa ndani, na tarajia utangazaji wa Kiarabu, maana haki za kuonyesha mechi Ghuba ziko kwa televisheni ya beIN. Ujerumani, ambako utamaduni wa viwanja vya mashabiki ulikua sana tangu Kombe la Dunia la 2006, kinywaji kwenye viwanja hivyo huuzwa pamoja na amana ya kikombe, na hurudishiwa pesa ukirudisha kikombe. Treni huongezwa siku za mechi, na hilo linarahisisha hatua ya pili kuliko huku kwetu. Kote huko mikoba mikubwa huzuiwa getini.

Filimbi ya mwisho ikilia, amua mara moja. Ama uondoke dakika mbili kabla, kama matokeo hayana shaka na kituo kiko mbali, ama ubaki kitini kwa dakika 20 au 30 hadi geti lipumue na bei ya usafiri ishuke. Kuondoka katikati ya wote ndiko kubaya zaidi. Dereva uliyekubaliana naye asikungoje getini, akungoje mtaa wa pili, upande wa barabara unaoelekea unakolala. Mpigie simu penalti zikianza, si zikiisha.